Kilima Yenye Tulificha

Nakumbuka siku moja ya wakati ya vita, mwanangu, niko na jembe mu mukono, nasawazisha kaburi ya baba yangu. Jua ilikuwa imeshapanda. Nilikwangua ule udongo mpaka pakawa sawa na pahali pengine pote, kisha nikatupa majani juu, ili mutu akipita asijue kama kuna mutu amelala pale. Hakuna mutu alinituma. Ni kichwa yangu mwenyewe.

Juzi ulikuja hapa kwangu na ile barua, unataka nikusaidie maneno ya kukataa zile nyumba wanataka kujenga mu kijiji yenu kule upande wa Gety. Mimi masomo yangu iliishia karibu, maneno ya bilo, ya ofisi ya serikali, siyawezi. Lakini kukataa, hiyo nilishajaribu. Nikueleze namna nilishindwa.

Kijiji yetu iliitwa Budzi. Kilima moja tu, saa mbili kwa miguu toka Bunia. Vita ilipotufikia tulikimbia, tukajibana Ngezi, mu muji ya Bunia, familia tatu mu nyumba moja. Chakula hakuna. Basi tukaanza kurudi kule muchana kulima muhogo na maharagi, tunashuka wakati jua haijazama. Ilikuwa hatari. Wenye bunduki wakiona moshi, wanapanda. Wakiona njia imekanyagwa, wanaifuata. Wakiona kaburi mupya, wanaichimbua, wanafikiri tumefichamo vitu.

Mimi nilikuwa kijana, nikajifanya mukubwa wa kujificha. Nikatoa sheria zangu: hakuna kuwasha moto. Hakuna kupita mu njia ya zamani. Muhogo tuupande ovyo katikati ya majani, bila mistari, uonekane kama umejiotea wenyewe. Na makaburi yote yawe sawa na udongo. Watu walinisikia, na mu shamba ile hatukupoteza mutu hata mumoja. Siwezi kusema uongo, zile sheria ziliokoa watu. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Mutu mumoja tu alinikatalia: shangazi yangu, Mama Rozali, dada ya baba. Nyumba yake ilikuwa imeungua, imebaki kuta mbili. Lakini kila siku ya soko alipanda na ufagio yake, anafagia kiwanja mbele ya zile kuta, taratibu, kama mutu anangojea wageni. Kisha anawasha moto kati ya mafiga yake matatu, anapika sombe yake, majani ya muhogo, anakula, anashuka. Ni bahati tu wenye bunduki hawakumufikia.

Nikamwendea na hasira.

"Shangazi, weye unataka watuue? Unafagia kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu. Hapa ni kwangu." Hata hakuinua kichwa. "Ni weye umegeuka mugeni. Unaingia mu shamba ya baba yako kama mwizi wa kuku."

Wanawake waliokuwa wanapalilia wakacheka. Mimi sikucheka.

"Na kaburi ya kaka yangu uliipeleka wapi?" akaniuliza.

"Najua pahali iko."

"Unajua weye. Nani mwingine anajua?"

Nikamwacha na ufagio yake. Nikasema mu roho yangu, uzee umemuharibu. Mwanangu, kijana akishaanza kusifiwa na watu, masikio yake inaziba.

Kisha vita ikatulia kidogo, na mwenye alituangalia muda wote akajitokeza. Ninamutaja, sitamuficha: Ferdina, yule tuliita Ferdina Mabati, kwa sababu wakati paa zetu zinang'olewa, yeye ndiye alikuwa anauza mabati. Alitaka kukata Budzi yote parseli, viwanja vidogo vidogo, ajenge nyumba mistari kwa mistari kwa wakubwa na kwa watu wa dhahabu. Na ninamutaja wa pili: shefu Matiasi, mukubwa wa kijiji, alipata kiti wakati shefu ya zamani alikimbia. Huyo ndiye alisema kama kilima ile haina watu. Na alijua! Tulikuwa tunapita mbele ya mulango yake na vikapu, tunamusalimia.

Lakini weye unajua, kabla ya kumupa mutu udongo wa kujenga, watu wa bilo wanapaswa kuja kuitembelea na majirani, waone kama kweli iko wazi. Mama Rozali, aliyekuwa anauza muhogo karibu na bilo, alisikia ni siku gani watakuja. Tukapanda wote, na wazee, na watoto mugongoni.

Ajenti wa bilo alikuwa mutu wa kuchoka tu, jasho inamutoka, karatasi mu mukono. Vijiti vyao vya kupima vilikuwa vimeshapigwa mu majani. Nikasimama mbele yake:

"Hii ni kwetu! Hatutaki nyumba ya mutu hapa."

"Sawa, nionyeshe," akasema.

Nikamuonyesha muhogo. Akauliza: mistari iko wapi? Huu umejiotea. Akauliza njia: majani mpaka kifuani. Akauliza pahali tunapikia: hakuna jivu. Kazi yangu yote nilifanya vizuri, mwanangu. Vizuri sana.

"Baba yangu amelala hapa," nikasema.

"Haya, wapi?"

Nikatembea hatua kumi. Nikarudi. Nikaenda upande wa pili. Majani ilikuwa imeota sawasawa kila pahali. Nilikuwa najua pale kama mukono yangu, na sikupaona.

"Labda muzee alihama," Ferdina akasema, na watu wake wakapasuka kicheko. Matiasi aliangalia chini. "Muda yote hii hakuna moshi hapa," akasema pole pole. Na upande wetu ilikuwa kweli.

Ndipo tukasikia sauti ya Mama Rozali: "Mukimaliza na huyo kijana, mukuje kwangu."

Wakaenda. Njia ya kwake ilikuwa nyembamba, imekanyagwa na miguu ya mwanamuke mumoja tu, lakini ilikuwa njia. Jivu ilikuwa ingali moto. Ajenti akataka kuingia.

"Zunguka kule, mutoto yangu. Nimetoka kufagia."

Na yule mutu wa bilo akazunguka! Ferdina akajaribu utamu: "Mama, tutakujengea nyumba muzuri ya mabati."

"Mabati gani? Angalia vizuri, labda ni yangu yenye ilitoka hapa."

Siku ile ndiyo siye tulicheka. Lakini kicheko haikukaa. Ajenti aliandika jina ya shangazi, akamuwekesha kidole mu karatasi, na vijiti vikazunguka kiwanja yake. Vingine vyote vilienda mbele moja kwa moja.

Leo ukipanda Budzi utaona mabati tu inang'aa, na katikati yake kiwanja moja imefagiwa. Shangazi alishakufa, ni binti yake anafagia. Baba yangu iko chini ya nyumba moja kati ya zile. Mara tatu nimeomba maji ya kunywa kwa wenye nyumba, nyumba tatu mbalimbali, nikisimama mu mulango naangalia chini. Sijui ni ipi. Ferdina aliniibia kilima, Matiasi aliiuza, lakini kaburi, ni mimi.

Basi barua yako uiandike, na majina ya wote. Lakini usingoje jibu ukikaa Bunia. Panda kule, wewe na wenzako, mupike muchana, moshi ionekane. Pandeni mu mistari. Fungueni njia. Vijiti vyao musivichome, watapata sababu ya kusema ni ninyi wabaya. Na watoto muwatembeze, muwaambie: hapa amelala fulani, pale fulani, mpaka nao wawaonyeshe wenzao. Kama vita inawalazimisha kuficha kitu, watu wengi wajue pahali mumekificha.

Mungu akulinde, mwanangu, na moto ya kwenu isizimike. Na siku yako ya kulala ikifika, watoto yako wakuje moja kwa moja mpaka pahali uko, bila kuomba maji kwa mutu.