Kopo la Verni

Fundi wa mitumbwi midogo ya mfano pale Mulongwe, kando ya ziwa, hakujua haraka, hata mwaka ule wa uasi, watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbilia Burundi. Alianza na rangi ya maji, akafuatisha ya mafuta, kisha akanusa. Kila mara alinusa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza, kwa kuwa verni, ile ya kung'arisha, haipakwi mpaka harufu ya mafuta iishe.

Félicité alikuja mchana kuchukua mtumbwi aliomwagiza, mfano wa ule wa marehemu mumewe uliochomwa na wapiganaji ufukweni. Alitaka mtoto wao akue akiujua. "Paka verni sasa, fundi. Tunavuka leo." "Hapana, mama. Rangi iko mubichi. Itakunjana kama uso wa bibi yangu nikichelewa kula." "Ikunjane tu! Huko verni nitaitoa wapi?" Fundi alitazama rafu iliyojaa mitumbwi mingine ikingoja kung'arishwa. Maduka yalikuwa yamefungwa tangu mapigano yaanze. Akachukua kopo lake la pekee la verni, akakandamiza kifuniko kwa kidole gumba, akampa pamoja na mtumbwi na brashi. "Utapaka weye mwenyewe, ikikauka. Mutoto akushikilie mtumbwi."