Seli Hazijui Jumapili

Watu wa maabara walimwita Mama Seli, naye aliitika, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuwahi kuliomba jina hilo. Kazi yake ilikuwa kulisha seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinaweza kuwa damu, zinaweza kuwa mfupa, na zinaweza kufa zote kwa uzembe wa mtu mmoja. Kila siku alizitoa sahani zao za kioo kwenye kabati la joto, akanyonya chakula cha jana kwa mrija, akaziwekea kipya. Seli hazijui Jumapili, hazijui msiba wala harusi. Ukizichelewesha zinanuna, na zikinuna hakuna wa kuzibembeleza.

Daktari, mwanamke aliyeiongoza maabara, alitaka kujua mafuta yanazifanya nini. Si mafuta ya kukaangia, bali zile asidi ndogo ndogo ambazo mafuta yote hujengwa kwazo. Aina moja, ikitiwa kwa kipimo, ilizifanya zijigawe kwa pupa, sahani ikajaa kabla hujageuka. Aina nyingine ilizilaza doro. Kasheshe ni kwamba mafuta na maji hayapikiki chungu kimoja. Lazima uyapashe mafuta joto taratibu, uyashikishe kwenye protini, ndipo yakubali kuingia kwenye chakula. Ukiyamimina baridi yanafanya ukungu mweupe, na seli zote zinakwenda na maji.

Hapo ndipo Mitungi alipoharibu. Mitungi alikuwa jamaa mwema aliyetunza mitungi ya baridi kali ya kugandishia seli za akiba, na ndiye aliyeachiwa seli mara ile moja Mama Seli alipoomba ruhusa, mama yake mzazi alipopata kiharusi. Aliyatoa mafuta kwenye friji akayamimina hivyo hivyo huku akipiga mluzi. Mama Seli aliporudi alikuta sahani zimekuwa makaburi. Aligomba, kama ilivyompasa. Lakini tusifichane, moyoni alifurahi kidogo. Alijiona hana mbadala, wala hakujua kwamba mtu asiye na mbadala hapewi njia ya kutoka.

Alilijua mdogo wake alipoanza kupiga simu.

"Dada, mama hali. Anafunga mdomo kabisa. Ulipokuwa hapa alikula kwa mkono wako, sasa mimi ananitazama kama mwizi."

"Mpe uji mwepesi."

"Nimempa, ameutema. Anakuulizia wewe tu. Njoo, dada, anakwisha huyu."

Akaenda kwa Daktari. Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, maana mtu mbaya ungemgombeza ukaondoka zako. Alimshika mkono, akampa pole, akamwuliza hali ya mgonjwa. Kisha akasema, "Lakini wewe mwenyewe uliona alichofanya Mitungi. Vumilia kidogo, haya mafuta yatupe jibu."

Siku moja Mama Seli alisimama na chupa ya mafuta mkononi, baridi, imetoka tu kwenye friji. Sahani zilikuwa wazi mbele yake. Akawaza: nikimimina hivi hivi, zinakufa, utafiti unasimama, mimi naondoka. Hakuna ambaye angemshuku. Alikaa hivyo mpaka vidole vikamfa ganzi. Halafu akaiweka chupa kwenye maji ya moto, akaipasha kama siku zote, huku akijichukia. Kinywa cha mama yake kilikuwa mbali. Hizi zilikuwa hapa, na zilikuwa na njaa.

Zikalipa fadhila kwa namna yao. Chini ya hadubini zilijaa tele, zinajigawa, zinasukumana. Daktari alipiga makofi.

"Mikono yako ni dhahabu, Mama Seli! Sasa tunajaribu aina nyingine."

"Na ruhusa yangu?"

"Jamani, sasa hivi? Zikiwa hivi?"

Mama Seli alizirudisha sahani kabatini, akatoka. Akafika hadi stoo, akamkuta Mitungi anafuta barafu.

"Wewe, njoo hapa. Leo utajifunza kupasha mafuta."

"Mimi? Mama Seli, Daktari ataninyonga."

"Atatunyonga wote wawili. Mimi naondoka kesho."

Alimsimamia. Mitungi alimwaga kidogo, akaomba radhi kwa chupa, lakini mafuta yalipopoa ndani ya chakula yalibaki safi, bila ukungu. Mama Seli aliangalia mara ya pili ili ahakikishe. Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka yote hiyo angeweza kumfundisha, naye alikaa na ujuzi wake kama mchoyo na chungu. Alivua koti jeupe, akatoka hadi ukumbini, akampigia mdogo wake.

"Nakuja. Kesho niko hapo, mwambie mama."



"Dada, mama anakula."

"Anakula? Tangu lini? Mbona huniambii! Anakula kwa mkono wako?"

"Wa jirani. Yule mama anayekaa nyumba ya pili. Amemzoea, anamaliza bakuli zima." Mdogo wake alikohoa. "Anamwita kwa jina lako."

Mama Seli aliihamishia simu sikio la pili.

"Dada, usinielewe vibaya. Ila ungesubiri kwanza. Ukija sasa, utamchanganya."