Nilimfungia Baba Mtandao

Serikali ilishafungua mtandao, lakini baba yangu bado amefungiwa, na aliyemfungia ni mimi. Kosa nalikubali kabla hamjaniuliza.

Baba ni sajini mstaafu, naishi naye Makindye. Uchaguzi ulipokaribia, mtandao ukazimwa nchi nzima na nyumba yetu ikatulia. Kabla ya hapo, kila alfajiri alirusha kwenye kundi la ukoo dawa za kitunguu na uvumi. Aliwahi kumtumia bosi wangu ujumbe mrefu wa sauti kuhusu nidhamu. Basi mtandao uliporudi, nikachukua simu yake nikazima data, nikamwambia agizo bado halijaondolewa.

Akatii. Jamani, alitii kupita kiasi! Alimkuta jirani yetu, Mama Sauda, anatazama video uani, akamwamuru azime simu. Mama Sauda akacheka. "Mzee, mbona walifungua zamani?"

Baba akanigeukia.

"Wanafungua kwa vyeo, Baba," nikasema. "Wastaafu watakuwa wa mwisho."

Akafikiri kidogo. "Ndivyo inavyotakiwa. Na sisi masajini tuko nyuma ya nani?"

"Nyuma ya makapteni."

Akaridhika. Jioni hiyo alikuwa anawaeleza majirani utaratibu huo kana kwamba ameutunga yeye.

Ningekuwa nacheka mpaka leo, kama si Zamu, mdogo wangu anayefanya kazi Uarabuni. Alipata mchumba, akaona haya kumpigia Baba, akamwandikia mtandaoni amwombe awe walii wake, amwozeshe kwa simu. Ujumbe haukufika. Akaniuliza Baba anasemaje. Nikajibu bado anafikiria. Ole wangu! Niliogopa Baba asije akagundua uongo wangu.

Zamu alisubiri, akamwandikia tena na tena. Mwishowe akaniletea mimi maneno haya: "Nimeelewa kunyamaza kwake. Mwambie simlaumu."

Sikumwambia. Kadhi wa huko ndiye aliyemwozesha, kana kwamba baba yake amemkataa. Na baba huyo kila akimaliza kuswali humwombea binti yake mume mwema!

Wenzangu, mtu akikusumbua, mwambie usoni. Usimzibe masikio. Ukizuia upuuzi wake, hujui umezuia na nini kingine.

Zamu anatua Entebbe Jumapili. Baba anajua binti anakuja, hajui anakuja na mume. Jana alimwalika kijana mmoja wa msikitini aje kumwona Zamu.