Simba wa Foleni ya Sukari

Mwezi uliopita nilipita Babati kwa shughuli zangu, nikashindwa kukaa stendi kusubiri basi. Ndivyo nilivyo, kukaa kitako kunaniwasha. Nikatembea hadi Bagara, na kwenye ua mmoja nikaona mtoto wa mbwa amefungiwa kwenye banda la mbao, pua imetokeza kwenye ufa. Nikanyoosha mkono. Kijana wa pale akaja mbio. "Shikamoo mama, samahani, usimshike. Akizoea watu hatakuwa mkali." Niliurudisha mkono wangu, lakini njia nzima sikutulia, maana maneno hayo nilishayasikia kwa bibi yangu.

Ilikuwa miaka ile ya shida, unaikumbuka. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Uji tunautia chumvi. Ugali wa unga wa njano ulinuka gunia hata uupike vipi. Wezi nao walikuwa na njaa kama sisi, wakivunja mahindi ya watu shambani yakiwa bado mabichi. Ndiyo sababu bibi akaleta mtoto wa mbwa kutoka Sigino, akamwita Simba kabla hajaonyesha dalili yoyote ya usimba.

Desturi ilijulikana: mbwa wa ulinzi hufichwa asione watu mchana, chakula chake hutiwa pilipili, na wapo waliomlisha hata nyigu, ili akue akiuchukia ulimwengu. Bibi alimfunika kwa tenga la kuku. Alilia humo kutwa nzima, na mimi niliyeshindwa kukaa dakika mbili darasani nilihisi nimefunikwa naye. Siku ya nne nikalifunua lile tenga.

"Mbwa anayecheka na kila mtu ni mbwa wa kila mtu," bibi alinionya. Nililia, nikagoma kula, nikazunguka nyumba mpaka akachoka. Mwisho akasema, "Haya, mjukuu wangu, tembea naye. Ila mahindi yakiibwa tena, anarudi kwenye tenga."

Nami kazi yangu likizo ile ilikuwa foleni ya duka la ushirika. Tulipanga mawe kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake, kisha tukasubiri sukari ambayo huenda ingekuja, huenda isije. Nilimbeba Simba ndani ya sweta. Siku ya kwanza alitetemeka, akanikojolea. Aliogopa baiskeli, aliogopa kofia, aliogopa kikohozi cha mzee aliyekuwa mbele yetu. Nikaanza kubeba ukoko mfukoni, ukoko wangu wa asubuhi, na kumgawia kila mtu kipande ampe Simba kwa mkono wake. Mwalimu wetu wa hesabu, naye akiwa foleni na kikapu chake, alinielekeza: "Usimsukume. Mwache asogee mwenyewe." Basi nikangoja, mimi nisiyejua kungoja.

Baada ya wiki tatu alikuwa anapita mstari mzima akisalimia watu. Mama jirani, aliyekuwa hapendi mbwa hata kidogo, alianza kuuliza, "Mzee Simba ameamkaje leo?" Watu walikuwa wamechoka, wana hasira, wanagombania mawe, Simba akipita wanacheka. Na kila ilipofika zamu yangu dirishani, kwa kuwa muuzaji hakutaka mbwa karibu na sukari, nilimwacha kwa aliye nyuma yangu. Kama tulivyosema nishikie nafasi, mimi nilisema nishikie mbwa. Sikuona tofauti.

Lori moja la kwenda Singida lilikuwa limeharibika barabarani, likisubiri kipuri ambacho kilikuwa hakijapatikana. Utingo wake alipanga foleni nasi siku mbili, mpole, mwenye mikono ya grisi. Mimi mwenyewe nilimpa ukoko amlishe Simba, kwa mkono wangu huu. Siku ya tatu alikuwa nyuma yangu, sisi wawili tukiwa wa mwisho, wengine wameshakwenda zao. Nikaitwa dirishani. Nikamkabidhi Simba, naye Simba akamlamba kidevu.

Nilipogeuka na robo yangu ya sukari, lori lilikuwa limeshawaka na linaondoka. Nilikimbia hadi pumzi ikaniishia. Nilimwona Simba kwenye dirisha la lori, mikononi mwa yule utingo, na wala hakuwa analia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Bibi hakurudia onyo lake. Alichukua sukari, akanipangusa uso kwa upande wa khanga, akaniambia nikachote maji.

Kesho yake nilirudi foleni. "Mwenzako yuko wapi?" akauliza mzee wa kikohozi. Nikasema amelala nyumbani. Mwalimu akauliza, nikasema amelala. Mama jirani, ambaye angeweza kuchungulia tu uani kwetu, naye aliuliza, nikamdanganya, akaniitikia kwa upole. Wiki kwa wiki, hata shule zilipofunguliwa, nilimweka hai hivyo, katika vinywa vya watu, na nikawa naiwahi foleni kuliko zamani.

Kisha siku ikafika sukari ikajaa madukani. Watu walishangilia, wakayapiga mawe yao teke hadi mtaroni. Nami nilisimama pale, kifurushi mkononi, nikalia kwa kwikwi na hakuna aliyeelewa, kwa sababu kuanzia siku ile hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza Simba yuko wapi.