Nta, Mafuta Machafu na Shasi ya Anatole

Kwa miaka kumi na miwili Anatole wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, aliendesha lori moja tu, kamyo ya Benzi yenye pua ndefu aliyoinunua siku kampuni ya pamba ilipofunga milango. Kila wiki aliteremka Kazimia kupakia samaki, migebuka ya chumvi, akarudi kupitia Baraka na Nundu mpaka Uvira. Maji ya chumvi yalichuruzika kutoka vikapuni, yakapenya kati ya mbao za bodi, yakatua kwenye shasi, kiunzi cha chuma kinachobeba gari zima. Watu walimtambua kwa harufu kabla ya kusikia honi.

Mwanzoni mwa mwaka 1999, baada ya watu kuuawa vitani katika kijiji cha Makobola, njia ya Uvira ilifungwa. Kamyo ikasimama nyuma ya nyumba. Anatole alijua kwamba gari linalotembea hujikausha kwa upepo, na lililosimama hunywa maji kimyakimya. Akalala chini yake na bisibisi, akichokoa chuma kipande kwa kipande. Nguzo mbili ndefu za shasi zilikuwa bado nzima, ila chuma kimoja cha kati kilitoboka kama mkate. Mvua zilikuwa zinaendelea. Bila kupakwa kitu, shasi isingefika mwaka wa pili.

Shemeji yake Lukmani, fundi wa mitumbwi, hakuona shida iko wapi. Alikuwa na nusu pipa la gudroni, lami ile nyeusi anayozibia mbao.

"Paka hii, shemeji," alisema. "Mutumbwi yangu iko ndani ya maji miaka kumi, na haijaingiza hata kikombe moja."

Anatole alitaka kwanza kuona gudroni inavyofanya kwenye chuma. Kesho yake alikwenda kwenye bohari lililoachwa la pamba, mahali palipokuwa na trela kuukuu ambayo kampuni iliipaka gudroni zamani. Kwa macho trela ilikuwa nyeusi, inang'aa. Aliigonga kwa nyundo. Gudroni ikabanduka bamba zima kama ganda la muhogo, na nyuma ya ganda chuma kilikuwa kimegeuka majani mekundu ya kutu, yenye unyevu. Maji yaliingia kwenye ufa mmoja, yakakosa pa kutokea. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na trekta ambayo gia yake ilivuja mafuta tangu enzi za Wazungu. Pale mafuta yalipochuruzika, Anatole alifuta uchafu kwa kidole akaona chuma cha kijivu, kama kilitoka kiwandani jana.

"Kwa hiyo gudroni yangu ni mubaya?" Lukmani aliuliza aliposimuliwa.

"Kwa mbao ni muzuri sana. Mbao haishikwe na kutu."

Lukmani aliondoka bila kuaga vizuri.

Yakabaki mafuta. Anatole alikuwa na madumu mawili ya mafuta machafu aliyomwaga kutoka kwenye injini yake mwenyewe, lakini mafuta matupu huoshwa na mvua mbili tu. Yalihitaji kitu cha kuyashika. Aliangalia mawese ya mke wake.

"Hapana," alisema Dorothée kabla hajaulizwa. "Batoto balambe nini, kutu?"

Jibu lilitoka kwa Félicité, mama aliyeteremsha asali kutoka milima ya Fizi. Akishakamua, masega aliyatupa. Anatole alimwomba nta, na mama yule akamletea kapu zima, akishangaa. Nta ikayeyushwa ndani ya mafuta machafu juu ya moto mdogo, ikawa uji mweusi unaopenya ukiwa wa moto na kuganda ukipoa.

Lakini kwanza aliosha. Siku tano alichota maji ya ziwa kwa beseni na kuyatupa chini ya gari, mpaka alipolamba chuma na kukosa ladha ya chumvi. Akakausha kwa mbabula, majiko ya bati ya makaa. Akasugua kwa brashi ya waya. Kisha akapaka, kwa tambara mahali pa wazi, kwa manyoya ya kuku mahali mkono usipofika. Kazi ilikula wiki tatu.

"Majirani banafunga mizigo," Dorothée alisema. "We unapakaa gari mafuta."

"Mizigo yetu ni kidogo, Mama Ketsia. Tutaifunga siku moja."

Waliifunga siku moja kweli. Milio ya bunduki ilipokaribia, walivuka ziwa kwa mtumbwi wa Lukmani, na kutoka Kigoma wakapelekwa kambi ya Lugufu. Miaka sita Anatole alitengeneza baiskeli za wakimbizi. Kichwani alipanga upya kamyo yake: injini angeitafuta Uvira, tairi zingefuata, bodi angechonga mwenyewe. Shasi hakuihesabu kati ya matatizo.

Waliporudi mwaka 2005, nyumba haikuwa na paa, na nyuma yake palikuwa na majani marefu tu. Alikwenda kwa Eugène, kapita, kiongozi wa mtaa.

"Injini na tairi bilibebwa na benye bunduki," Eugène alisema. "Bati za kabini, batu balitengeneza mbabula."

"Na shasi?"

Eugène aliinuka. "Twende nikuonyeshe."

Walifuata njia ya mashambani mpaka kwenye kijito. Shasi ilikuwa imelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mbao zimepangwa juu yake. Wanaume thelathini waliivuta, Eugène alieleza. Kabla ya hapo mvua ilikuwa inafunga watoto nyumbani, wasifike shule.

Anatole aliingia majini na kisu. Chini ya vumbi na utelezi nta ilikuwa ingalipo. Aliikwangua, na chuma cha kijivu kikatokea.

"Unaibeba?" Eugène aliuliza kutoka juu.

Wanawake watatu walikuwa wanavuka na muhogo. Mbao zikalia, zikatulia.

"Hii chuma ya kati ilikuwa imetoboka tangu zamani," Anatole alisema. "Muweke gogo chini yake. Isipite gari."

Akafuta kisu, akapanda ukingo. Nyumbani, Dorothée alimuuliza kama kamyo imeonekana, naye akamjibu kwamba imeonekana na haitarudi. Mke wake akamwongezea ugali.

Anatole akapata kazi kwenye mashine ya kusaga. Kwa miezi kadhaa alikwenda shambani kwa njia ndefu inayozunguka kilima, asivuke kijito, hata akiwa na haraka. Mwezi wa nne mvua ikaikata njia hiyo. Siku hiyo alivuka kijito juu ya mbao, mfuko wa muhogo begani, nyuma ya akina mama wawili waliokuwa wanabishana habari za harusi ya jirani. Mmoja alimgeukia amuulize yeye anaonaje. Anatole akasema bibi harusi ana haki.