Maji ya Kambini

Hamissi hakuingia jeshini kwa kupenda vita. Alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na gereji yake ilipoungua katika machafuko ya mwaka tisini na tano, jeshi lilikuwa linatafuta madereva. Mkewe, Pascaline, alikuwa binti wa wakulima wa mlimani, juu ya Kanyosha. Ndugu zake hawakuifurahia ndoa ile, kwa sababu ya dini na kwa mengine ambayo siku hizo watu waliyasema kwa sauti ya chini. Wenyewe walipendana. Wakamzaa Khadidja, kisha Rachid.

Rachid alizaliwa baba yake akiwa kusini, Makamba, akibeba askari katika barabara za kuviziwa. Habari aliletewa na dereva mwenzake, Mohamadi, aliyepita mtaani kwetu. Hamissi akauliza mtoto anafanana na nani. Mohamadi hakuwa amemtazama sana, na Hamissi alimnunia siku kadhaa kwa jambo hilo. Aliolala nao hema moja wanasema aliwachosha kwa hadithi za Khadidja: anavyokula maharage kwanza, moja moja, wali akiuacha mpaka upoe. Kila alipoomba ruhusa ya kurudi nyumbani, aliambiwa asubiri.

Mshahara ulipoanza kuchelewa, Pascaline alituma kuuliza kama afunge chumba cha Buyenzi akaishi kwa mama yake, Mathilde, mlimani, ambako angalau kulikuwa na mihogo. Hamissi alijibu aende.

Mwaka tisini na tisa serikali iliwaondoa wakulima wa milima inayozunguka mji, ikawakusanya kambini chini ya ulinzi wa askari, ili waasi wasipate chakula wala maficho. Wengi walitoka na mkeka na sufuria tu. Hamissi alirudishwa Bujumbura majuma machache baadaye, akapewa lori la maji alipeleke katika kambi mojawapo.

Asubuhi ya kwanza alimwona Pascaline kwenye foleni, amekonda, bidoni mkononi, Rachid mgongoni, Khadidja ameshika kitenge chake. Hamissi aliuacha mpira ukimwaga maji chini akamfuata. Pascaline hakuinua uso.

"Usinikaribie," alisema. "Jaza bidoni, kama unavyojazia wengine."

"Mama Khadidja, ni mi."

"Najua ni we. Watu ya hapa walipoteza watoto kwa mukono ya hiyo nguo. Wakijua bwana yangu ni askari, sisi tutalala wapi?"

Akajaza. Khadidja alifungua mdomo, mama yake akambana bega, akaufunga.

Hamissi alikwenda kwa mkuu wa kambi kuomba familia yake itolewe. Mkuu yule hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba amri haimruhusu kumtoa yeyote, kisha akamshauri, kama kaka, asimwambie mtu mwingine kwamba ana wakwe mle ndani, maana na jeshini pia kulikuwa na masikio. Basi akanyamaza huku na huku.

Alirudi na lori karibu kila siku. Hamissi alimfahamu mtoto aliyefungwa mgongoni vipande vipande: leo sikio, kesho kisigino, siku nyingine paji la uso, mpaka akajua kwamba anafanana na Mathilde. Mara moja aliteremsha kifuko cha sukari kando ya bidoni. Pascaline alibeba maji yake, sukari akaiacha chini, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Mvua zikaja, zikaleta kuhara. Siku moja Pascaline alifika bila mtoto mgongoni. Hamissi alimtafuta kwa macho nyuma yake, akidhani kabaki na bibi.

"Tulimuzika jana," alisema Pascaline, akaweka bidoni chini.

Mwanamke wa nyuma alikuwa anasukuma. Hamissi akajaza, akamjazia na huyo mwanamke, na waliofuata, mpaka tangi likaisha. Mohamadi, aliyekuwa naye siku hiyo, anasema walipofika Zone Industrielle, eneo la viwanda, Hamissi aliegesha lori kando ya barabara akalia huku amefunga mdomo. Hakuwahi kumbeba mtoto yule hata mara moja.

Mwaka uliofuata kambi ilivunjwa. Pascaline alibaki mlimani, akatuma neno kwamba hataishi na mavazi yale. Hamissi aliomba kuacha jeshi, wakamkatalia. Vita vilipotulia, askari wakaanza kurudishwa uraiani, naye alipanda mlimani kwa miguu, amevaa shati la kawaida. Pascaline alimpokea bila machozi, wakarudi Buyenzi wote watatu.

Khadidja alikuwa mkubwa sasa. Alimsalimu baba yake kwa mikono miwili kama mgeni na kumwita mzee. Siku moja mezani mama yake alimkaripia, akamwambia huyu ni baba yako.

"Kule kambini mulinikataza," alijibu mtoto, bila hasira.

Hamissi aliendelea kula.

Ijumaa iliyofuata alimwomba Pascaline ampeleke kwenye kaburi. Pale palipokuwa na kambi, wenye mashamba walikuwa wamerudi na kulima. Maharage yalikuwa yamefunika kila kitu. Pascaline alizunguka, akaonyesha mahali, akabadili mawazo, akaonyesha pengine. Hamissi alisoma Fatiha hapo, halafu akarudi kuisoma pale pa kwanza.