Msemo Ulionifinya Mbele ya Wageni

Wenzangu, wacha niwaambie kilichonipata wiki jana, na mkinicheka nimekubali. Mimi ni supavaiza kwenye shamba la maua hapa Kitengela. Wanunuzi wa waridi walipotutembelea, meneja akaniambia, "Mutuku, waeleze vile tunazuia magonjwa."

Nilifurahi ajabu! Kizungu changu nakiamini. Nilitaka kusema tunamaliza shida mapema, nikapaza sauti: "Here, we nip it in the butt!"

Wageni wakacheka. Nikajua wamenipenda, nikarudia, tena nikawapa historia: eti msemo ulianza na wachungaji waliomfinya ng'ombe matakoni kabla hajaingia shamba la mtu. Nikajifinya yangu kuwaonyesha. Wakapiga makofi!

Hapo Mama Wanjiru, aliyekuwa akifanya kazi kando yetu, akanigusa mkono.

"Supavaiza, si ni *bud*?" Akafungua kiganja kilichojaa matumba ya waridi. "Haya tunayotoa yakiwa bado madogo. Msemo si ulitoka kwa watu wa maua kama sisi?"

Kazi hiyo ya kutoa matumba nilimfundisha mimi mwenyewe.